Vidonge vya wasiwasi vinashusha kinga, au ni msongo wenyewe?

Mpwa_Mtiifu aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua dawa kweli, siyo wa kubahatisha.

Mgonjwa ni shangazi, miaka 52. Karibu mwaka mzima ana wasiwasi mzito: moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, usiku anahesabu mapaa. Huu ni mwezi wa tano anameza diazepamu 5 mg kila usiku. Katika miezi hiyohiyo amepata mafua mara nne, na kidonda kidogo mguuni kimefikisha wiki sita hakijafunga. Ndugu wamekaa kikao wakaamua kwamba vidonge ndivyo vinavyokula kinga, wanataka avitupe leo hii.

Je, ni kweli dawa za wasiwasi zinashusha kinga? Au msongo wa mawazo peke yake unatosha kuleta haya? Na akitakiwa kuacha, anaacha vipi?

---

Mfamasia_K alijibu:

Asiache leo. Hilo kwanza, mengine tutayapanga taratibu. Mtu aliyemeza diazepamu miezi mitano akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kukesha siku nyingi mfululizo, na wengine huanguka kama wenye kifafa. Ubaya wa diazepamu ni kwamba inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo siku tatu nne za mwanzo mtu anajiona mzima, ndugu wanashangilia, halafu dalili zinaibuka wiki ya kwanza au hata ya pili na tatu, na hakuna tena anayekumbuka kuzihusisha na kidonge.

Sasa suala la kinga. Mwili unapokea tishio kwa njia mbili, na ndiyo maana watu hubishana bila kuelewana.

Njia ya kwanza ni ya haraka, ya adrenalini. Mbwa akikurukia, ndani ya dakika chache seli nyeupe zilizokuwa zimejishika kwenye kuta za mishipa na kwenye wengu zinamwagwa kwenye damu, hasa zile zinazoua seli zilizoingiwa na virusi. Tishio likipita, hesabu yake inarudi ilipokuwa ndani ya saa moja hivi. Msongo wa aina hii hauiangushi kinga, unaiweka tayari.

Njia ya pili ni ya polepole na ndiyo ya shangazi yako. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, nayo inaziamuru tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zitoe kotisoli. Kwa mtu mtulivu kotisoli ina ratiba yake: inapanda alfajiri, inafika kileleni nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha inashuka mpaka chini kabisa karibu saa 6 usiku. Msongo wa miezi mingi unaivuruga ratiba hiyo. Limfosaiti, aina ya seli nyeupe za kinga, zinazaliana kwa uvivu, kingamwili zinazotengenezwa baada ya chanjo zinapungua, na seli zenyewe zinaanza kuizoea kotisoli, haziisikii tena. Hapo mtu anapata hasara mbili kwa pamoja: kinga dhidi ya virusi inalegea, na mchochota (uvimbe unaoletwa na kinga) wa ndani kwa ndani, ambao kotisoli ilipaswa kuuzima, unabaki ukifukuta.

Hili limepimwa kwa watu, siyo panya tu. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Uingereza: watu wazima 394 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani kwa matone. Wote walipewa virusi, lakini waliougua mafua hasa walikuwa kama asilimia 27 kwenye kundi lenye msongo mdogo kabisa na asilimia 47 kwenye kundi lenye msongo mkubwa kabisa.

Na la kidonda ndilo linalonigusa zaidi kwa kesi hii. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser wa Ohio, Marekani, alitoboa kitundu cha milimita 3.5 kwenye mikono ya wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na ya wanawake wengine 13 wa umri na kipato kama chao wasiouguza mtu. Kitundu kimoja, upana uleule, kipimo kilekile. Wauguzaji walipona kwa wastani wa siku 48.7, wenzao siku 39.3. Siku tisa na ushee kwa kitundu kisichozidi punje ya choroko.

Kwa hiyo ndiyo, msongo peke yake unaweza kuongeza mafua na kuchelewesha kidonda. Lakini sijasema ndio uliochelewesha *hiki*. Mtu wa miaka 52 mwenye kidonda cha mguu cha wiki sita anapimwa sukari kabla hatujazungumza falsafa. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, irudiwe siku nyingine ithibitishwe. Na hali yake ya VVU ijulikane kama haijulikani.

Upande wa dawa, diazepamu inafanya kazi kwenye ubongo kwa kuipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza mishipa ya fahamu. Haiui seli nyeupe na haifungi uboho wa mifupa. Haiko kundi moja na predinisoloni, dawa ya steroidi ambayo kweli inashusha kinga; miligramu 20 za predinisoloni kila siku kwa wiki mbili au zaidi zinatosha kumhesabu mtu kuwa kinga yake imeshushwa. Nauliza hili kwa makusudi: je, kuna vidonge vingine anameza? Vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa mitaani kwa ajili ya kunenepa, au "dawa ya mifupa" isiyo na jina? Hizo zinashusha kinga, zinapandisha sukari, zinachelewesha vidonda, na zenyewe zinaleta kukosa usingizi na wasiwasi. Nazo pia hazikatwi ghafla zikishatumika wiki kadhaa.

---

Nesi_wa_Akili alijibu:

Nakubaliana na Mfamasia ila naongeza jambo ambalo tusiliruke. Diazepamu haishushi kinga kwa maana ya kuua seli, sawa. Lakini tafiti za Uingereza zimeonesha kwamba watumiaji wa dawa za kundi hili hupata nimonia zaidi ya wasiotumia. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho chanzo, maana mtu anayeandikiwa dawa hizi mara nyingi tayari ni mgonjwa. Seli za kinga nazo zina kipokezi ambacho dawa hizi hujishika, hilo lipo kwenye maabara. Ila sababu ya wazi zaidi ni ya kimwili kabisa: usingizi mzito, kikohozi kinalegea, koo linalegea, mtu anapaliwa na mate au chakula usiku bila kujua, na vijidudu vya mdomoni vinateremka kwenye mapafu.

Ndiyo maana wodini tunasisitiza haya: asile na kulala papo hapo, apishe saa mbili au tatu, asichanganye na pombe, asichanganye na tramadoli wala dawa ya kikohozi yenye kodeini. Mchanganyiko huo wa mwisho unaweza kuzima pumzi.

Kuhusu dawa nyingine za wasiwasi, maana huko mbele anaweza kubadilishiwa:

Setralini na floksetini ndizo zinazofaa kwa wasiwasi wa muda mrefu, siyo diazepamu, ambayo ilitakiwa iishie wiki mbili hadi nne. Hizi hazijulikani kushusha kinga. Kwa wagonjwa wa sonona hata baadhi ya vipimo vya mchochota hushuka wanapozitumia. Setralini huanza 25 mg asubuhi kwa wiki moja, kisha 50 mg. Waambieni mapema: siku za mwanzo kuna kichefuchefu na wasiwasi unaweza *kuongezeka*, nafuu inakuja kati ya wiki ya pili na ya sita. Wengi wanaacha siku ya nne wakidhani dawa imewakataa. Zinafanya chembe sahani za damu zisigande vizuri, kwa hiyo diklofenaki, ibuprofeni na aspirini juu yake zinaweza kuleta damu tumboni. Maumivu yatulizwe na parasetamoli.

Propranololi inatuliza moyo na mikono inayotetemeka. Mwenye pumu hapewi kabisa. Mwenye sukari anayetumia insulini aiogope pia, inaficha dalili za sukari kushuka.

Amitriptilini na mitazapini kwa nadra sana zinaweza kuangusha seli nyeupe kweli. Ni nadra, lakini dalili yake ijulikane: homa, koo linalouma vikali, vidonda mdomoni. Akiona hayo asinunue amoksilini dukani. Aende siku hiyohiyo akapimwe picha kamili ya damu.

Na chanjo hazizuiliwi na dawa yoyote kati ya hizi.

---

Darubini alijibu:

Niko upande wa maabara, nitasema la kwangu tu.

Ndugu wakisikia "kinga" wanakimbilia kupima vitu vya gharama. Kipimo cha kotisoli kilichochukuliwa saa 8 mchana hakisomeki, kwa sababu ya ratiba aliyoieleza Mfamasia; sampuli ya maana ni ya saa 2 asubuhi, au ya usiku wa manane, na huagizwa pale daktari anaposhuku ugonjwa wa tezi zenyewe. Kwa wasiwasi wa kawaida haina kazi.

Kipimo chenye faida ni picha kamili ya damu, na hapo angalieni namba halisi ya nyutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, siyo asilimia yake. Ikiwa chini ya 1.5 (elfu kwa kila mikrolita) imepungua, chini ya 0.5 ni hatari ya haraka. Msongo wenyewe, na kotisoli kwa jumla, hufanya kinyume cha wanavyodhani watu: nyutrofili zinapanda na limfosaiti zinashuka. Karatasi ikitoka na nyutrofili za juu kidogo na limfosaiti za chini kidogo, mtu hana homa wala dalili nyingine, hiyo peke yake si sababu ya kuanzishiwa antibiotiki.

---

Mpwa_Mtiifu aliandika:

Asanteni sana. Kuna jambo nililiacha kwa kusitiri lakini naona linahitajika. Shangazi anatumia ARV, zile za TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kwenye kidonge kimoja), mwaka wa nne sasa. Wiki iliyopita ameanzishiwa pia isoniazidi ya kukinga TB. Na ndugu wamemnunulia vidonge vya "kuongeza kinga", kwenye chupa pameandikwa zinki, madini chuma na kalsiamu. Anavimeza pamoja na ARV asubuhi ili asisahau.

---

Mfamasia_K alijibu:

Umefanya vizuri kusema, ndugu yangu, na hapa ndipo penye uzito kuliko diazepamu.

Hiyo chupa ndiyo inayonitisha. Dolutegraviri, ile D ya TLD, inashikana na madini: zinki, chuma, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu. Vikikutana tumboni vinaungana kuwa kitu kisichonyonywa, dawa inapita na choo. Maana yake anameza ARV kila siku kwa uaminifu wote lakini inayofika kwenye damu ni pungufu. Dawa nyingi za kiungulia nazo zina magnesiamu na aluminiamu, tatizo ni lilelile. Kanuni: dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya madini au saa 6 baada yake. Kwa kuwa hizo za kuongeza kinga hazikuandikwa na daktari, kwa maoni yangu ziwekwe pembeni kabisa leo. Hizo ndizo za kuacha ghafla, hazina madhara kuachwa. Ulizia amezitumia tangu lini, na umwambie mhudumu wa CTC, kliniki yake ya ARV, ili aamue kama wingi wa virusi upimwe mapema. Kwa mtu wa ARV mwenye mafua ya mara kwa mara na kidonda kisichofunga, hicho ndicho kipimo cha kwanza, na CD4, hesabu ya seli za kinga ambazo VVU hushambulia, pembeni yake.

Isoniazidi inapunguza kasi ya ini kuivunja diazepamu. Kwa hiyo 5 mg ileile inaweza kuwa na nguvu zaidi mwezi huu kuliko mwezi uliopita. Mkimwona anasinzia mchana, anayumba akienda msalani usiku, au ulimi mzito, msiseme ni uchovu. Pia aimeze pamoja na piridoksini, yaani vitamini B6, ili miguu isife ganzi.

Kama angepewa rifampisini au rifapentini ingekuwa kinyume: ini lingeivunja diazepamu haraka, na wasiwasi ungerudi kwa kishindo, hata dalili za kuachishwa dawa. Na dolutegraviri ikikutana na rifampisini ya matibabu ya TB hutolewa 50 mg mara mbili kwa siku badala ya moja. Nayasema haya kwa sababu kila mpango wa TB ukibadilishwa, dawa ya wasiwasi inabidi iangaliwe upya.

Setralini na TLD hazigombani. Isoniazidi ina mgongano mdogo na setralini, daktari ajue tu. Linezolidi, inayotumika kwa TB sugu, ndiyo isichanganywe na setralini kiholela: serotonini inaweza kupanda kupita kiasi, mtu anapata homa, mitetemeko na kuchanganyikiwa.

Sukari ikionekana iko juu na akapewa metformini, kumbusheni kwamba dolutegraviri huipandisha metformini kwenye damu. Kwa kawaida hawazidishi 1000 mg kwa siku.

Na jambo la mwisho kwangu: kwa baadhi ya watu dolutegraviri yenyewe inafukuza usingizi. Umeandika anaimeza asubuhi, ni sahihi, aendelee hivyo. Ingekuwa ya usiku ningesema tuanzie hapo.

---

Nesi_wa_Akili alijibu:

Swali la kuacha diazepamu halijajibiwa, nalijibu. Huu ni mfano wa kumpelekea daktari auidhinishe, kila hatua wiki mbili. Unahitaji vidonge vya 2 mg, maana cha 5 mg ukikikata robo kinabaki unga:

4 mg (viwili), kisha 3 mg (kimoja na nusu), 2.5 mg (nusu ya kile cha 5), 2 mg, 1.5 mg (robo tatu), 1 mg (nusu), 0.5 mg (robo), basi. Ni wiki 14. Juu unashuka miligramu nzima, chini nusu nusu, kwa sababu kutoka 1 kwenda 0.5 ni nusu ya dozi ingawa namba inaonekana ndogo.

Kata kwa kisu cha kukatia vidonge kutoka duka la dawa, au wembe mpya juu ya sahani kavu, kwenye ule mstari wa kati. Kata vya siku mbili tu kwa wakati mmoja. Kipande kilichokaa wazi kinavuta unyevu na kumomonyoka, na kesho yake hujui unameza kiasi gani. Weka kalenda ukutani, mtu mmoja wa nyumbani atie alama kila usiku. Dalili zikija, mkae kwenye hatua hiyo wiki mbili nyingine, msipande juu. Akianguka au akianza kuona vitu visivyokuwepo, hospitali hapo hapo.

Makosa ninayoyaona zaidi ni mawili: kumeza siku moja na kuruka moja, na kuanza kupunguza kabla dawa ya kudumu kama setralini haijashika. Kwanza setralini ikae wiki nne hadi sita, ndipo diazepamu ishuke.

Usingizi nao ni kinga. Mwaka 2015 kundi la watafiti Marekani liliwatia virusi vya mafua watu 164: waliokuwa wakilala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Kwa hiyo katika kupunguza dawa tusiumwage usingizi wote njiani. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata akilala alfajiri. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa 6 mchana. Asilale mchana zaidi ya nusu saa. Akikosa usingizi kitandani, aondoke akakae sebuleni taa ikiwa hafifu, arudi macho yakianza kufumba.

---

Mpwa_Mtiifu aliandika:

Chupa nimeitoa. Kliniki ni Jumatano. Diazepamu zimebaki vidonge vitatu na leo ni Jumapili. Ampe nani taarifa, na avimeze vipi?

---

Nesi_wa_Akili alijibu:

Leo kimoja, Jumatatu kimoja, Jumanne kimoja, dozi ileile, asipunguze wala asinyimwe. Jumatano asubuhi nendeni na pakiti zote kwenye mfuko mmoja: TLD, isoniazidi, diazepamu, na ile chupa ya madini pia, hata kama hamuitumii. Muwahi dirishani, mseme mwanzoni kabisa kwamba diazepamu imeisha usiku uliopita baada ya miezi mitano. Kama daktari wa CTC haandiki diazepamu, omba rufaa ya siku hiyohiyo kwenda kliniki ya afya ya akili, msikubali kurudi nyumbani mikono mitupu mkiambiwa mje wiki ijayo. Kidonda kifunguliwe kiangaliwe, msikielezee kwa mdomo tu. Na mwambie asinywe chai asubuhi hiyo, sukari ya kufunga itolewe hapohapo.

---

Darubini alijibu:

Akitolewa CD4, iandikwe na saa ya kutoa damu. Asubuhi CD4 huwa chini kidogo kuliko jioni, kwa ajili ya kotisoli hiyohiyo. Ya mara ijayo itolewe saa zilezile, la sivyo mtalinganisha namba mbili zisizolingana na kumtia shangazi wasiwasi mpya.